Tiketi ya Mwalimu Josephina

Asubuhi hiyo Newala haikuwa na mwanzo wala mwisho. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka bonde la Ruvuma ukameza stendi yote ya mabasi, na sauti za watu zilikuwa zinafika kabla ya wenyewe. Mtu anakohoa pembeni yako, unageuka, huoni kitu. Punde anatokea mama mwenye beseni la ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, kichwani, anakusalimu kwa adabu zote, kisha anayeyuka tena. Inspekta Bibiana Nnunduma alisimama katikati ya hali hiyo na usingizi wa siku mbili machoni, asiwe na hakika kama yuko kazini au bado amesinzia kwenye kiti cha gari lililomleta kutoka Masasi.

Alikuwa kazini. Mwalimu Josephina Mkwanda, mstaafu, mzaliwa wa Chiwata, alitoka nyumbani kwa binti yake hapa Newala juzi asubuhi, na hakurudi. Akili ya bibi huyo siku hizi ilikuwa inakuja na kuondoka kwa saa zake yenyewe. Majirani walimtafuta vichakani na kwenye mashamba ya mikorosho mpaka kampuni ya mabasi ya Upepo wa Kusini iliposema jina lake limo katika safari ya Mtwara, tiketi imekaguliwa mlangoni na kiti kimekaliwa. Basi, kazi ya Newala ikaishia hapo. Watu wote wakahamia Mtwara kumsaka, na namba ya simu iliyoandikwa kwenye tiketi ikawapeleka polisi kwa kijana mmoja wa Tandahimba aitwaye Hamudi. Tangu jana jioni kila mtu alikuwa anajua kwamba Hamudi kamwiba bibi wa watu.

Kila mtu isipokuwa Bibiana. Yeye alikuwa na ugomvi wa siku nyingi na mambo yanayonyooka kirahisi. Abiria wa basi lile walikuwa wameulizwa mmoja mmoja, na hakuna hata mmoja aliyemwona bibi. Kama hakwenda Mtwara, basi yuko hapa hapa juu, katika baridi hii ya Julai, bila chakula, na hakuna hata mtu mmoja anayemtafuta. Wazo hilo lilimkaa Bibiana kifuani tangu alfajiri na lilikuwa linamtisha.

Konstebo Awadhi alitokea ukunguni akiwa amemshika Hamudi mkono. Kijana alikuwa mwembamba, ana pingu, na shati lake halikuwa la hali ya hewa ile.

"Shikamoo, afande," alisema Hamudi huku meno yanagongana.

"Marahaba. Awadhi, mpe koti lako." Bibiana alisubiri mpaka koti likavaliwa. "Juzi ulipanda basi la Mtwara?"

"Nilipanda. Nikashukia Tandahimba."

"Ulikaa na nani?"

"Na baba mmoja na jogoo wake. Jogoo alinidonoa njia nzima."

"Na mwanamke mzee?"

"Hakuwepo, afande. Nimeshawaambia mpaka mate yamenikauka."

Bibiana alitoa mfukoni simu ya Hamudi, ambayo alikabidhiwa pamoja na mwenyewe. "Mlangoni ulionyesha tiketi gani?"

"Nilimpa konda simu asome ujumbe. Akausoma, akacheka. Akaniambia, 'Haya, bibi, panda taratibu usije ukavunjika kiuno.'"

"Akakuita bibi?"

"Yeye Mmakonde, mimi Mmakua, sisi ni watani. Nikamjibu, 'Nibebee mkoba, mjukuu wangu.' Tukacheka, nikapanda."

"Na wewe ujumbe hukuusoma?"

"Nilitazama namba ya kiti tu. Jina langu nalijua, nilisome la nini?"

Bibiana aliufungua ujumbe, akamwekea mbele ya macho. Hamudi alisoma kwa midomo bila sauti. Alipofika kwenye jina la abiria alisimama, akarudia, kisha akamtazama Bibiana kama mtoto aliyeamshwa katikati ya ndoto.

"Huyu Josephina ndiye ninayeambiwa nimemwiba?"

"Ndiye. Na kwa kampuni, wewe Hamudi hukusafiri kabisa. Jina lako halimo popote. Sasa twende tukamwone aliyekukatia."

Kibanda cha tiketi kilikuwa mwisho wa stendi, cha mbao, na mwanga wa laptopu ndani yake ulitoka nje ukiwa wa buluu hafifu. Mlangoni alikuwa amesimama mwanamke mnene wa makamo aliyejifunika vitenge viwili. Huyo alikuwa Ethel, binti wa Mwalimu Josephina, muuguzi, ambaye watu wa mtaani kwake walimwita Mama Trevor. Bibiana alimwomba aje, na alikuwa amefika kabla ya wote. Alipomwona Hamudi alifumba macho. Hakumtukana, na Bibiana alimheshimu kwa hilo.

"Mama Trevor, vumilia kidogo," alisema Bibiana. "Sidhani kama ni huyu."

"Kama si huyu, mama yangu yuko wapi?"

"Ndicho nilichokuja kuuliza humu."

Ndani alikaa Silvesta, wakala wa tiketi, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, kofia ya sufu imemfika kwenye nyusi. Aliinuka kwa haraka mpaka goti likagonga meza. Bibiana alimwuliza kuhusu ile tiketi, na Silvesta akajibu mambo ya tiketi. Alimwuliza kuhusu laptopu, na hapo mtu akachangamka, kwa maana kilichokuwa ndani yake ni mtoto wake wa kumzaa.

Alieleza kwamba tovuti ya kampuni ilikuwa nzito. Kwa mtandao wa Newala, ukurasa mmoja ulifunguka mteja akiwa ameshaghairi safari. Kwa hiyo yeye, aliyejifunza lugha ya Python chuoni Mtwara, akaandika programu yake ndogo inayozungumza na tovuti moja kwa moja, bila picha wala mapambo. Yeye anaandika jina na safari, programu inakwenda, inarudi na tiketi.

"Na tovuti inajuaje kwamba ni wewe?" aliuliza Bibiana.

"Kwa kuki, afande. Ni alama. Ukifungua tovuti inakupa alama uitunze. Ukirudi unaionyesha, inakukumbuka. Bila hiyo, kila ukibonyeza unaonekana mgeni."

"Alama moja?"

"Hii yetu inatoa tatu, kila moja kwa wakati wake. Ya kwanza inasema mimi ni wakala. Ya pili inashika safari na kiti. Ya tatu inashika jina la abiria. Programu inazipokea, inaziweka kwenye kopo moja, na kila inaporudi kule inazipeleka zote kwa pamoja."

"Mteja akimaliza?"

"Tiketi ikitoka, programu inatupa kopo lile na kuchukua jipya. Mteja mwingine anaanza upya."

"Tiketi ikitoka," alirudia Bibiana polepole.

"Ndiyo."

Nje, mwadhini alijaribu kipaza sauti, akapuliza, akanyamaza. Bibiana alikuwa na hisia kwamba kuna kitu kimepita mbele yake kikiwa kimefunikwa na ukungu, na kwamba akikikimbilia atakipoteza. Akakiacha kikae. Akageukia upande mwingine.

"Mwalimu Josephina alikuja hapa?"

"Alikuja."

Ethel alishika mlango. Hilo halikuwahi kusemwa.

"Akapanda basi?"

"Mtandao unasema alipanda."

"Nakuuliza wewe, Silvesta. Mtandao nitauuliza baadaye."

Silvesta alivua kofia, akaikunja. "Sikumwona akipanda. Lakini polisi waliokuja mwanzo waliniuliza kama tiketi ni ya kwangu, nikasema ndiyo. Wakanionyesha jina. Nikajisemea labda bibi alirudi nikiwa msalani, nikamkatia, nikasahau. Afande, kitu kimeandikwa, kimekaguliwa, mimi ni nani nikikatae? Nimelala siku mbili nikijiona mimi ndiye mwenye wazimu."

Bibiana alimwonea huruma, ila hakuwa na nafasi ya kumbembeleza.

"Usinisimulie siku ile. Nionyeshe. Nani aliingia kwanza?"

"Huyu," Silvesta alimnyooshea Hamudi kidole.

"Awadhi, mfungue pingu. Hamudi, toka nje, uingie kama ulivyoingia. Mama Trevor, naomba kitu kigumu kidogo. Utaingia baada yake. Ingia kama mama yako anavyoingia mahali."

Ethel alikaza vitenge vyake. Kisha akaitikia kwa kichwa, akapotelea nje.

Hamudi akaingia, akaegemea kaunta, akasema Tandahimba, cha dirishani. Silvesta aliandika, na Bibiana akasimama nyuma yake akitazama kioo cha laptopu. Safari ikachaguliwa. Kiti kikachaguliwa. Jina likaandikwa: Hamudi.

"Simama hapo. Nionyeshe kopo lina nini sasa."

Silvesta alichapa mstari mmoja mfupi. Kioo kikajibu kwa mistari mitatu: wakala, Silvesta; safari, Mtwara kupitia Tandahimba, pamoja na namba ya kiti; abiria, Hamudi.

"Kilichobaki?"

"Kuweka namba yake ya simu na kulipa. Lakini hapo ndipo..."

Mlango ulifunikwa na kivuli. Ethel aliingia, na hakuwa Ethel. Mgongo ulikuwa umenyooka kama wa mtu anayeingia darasani, kidevu juu, mkono mmoja umekusanya kitenge kifuani. Alipita mbele ya Hamudi kana kwamba foleni ni kitu cha watu wengine, akasimama kwenye kaunta akingoja kusalimiwa.

Silvesta alisimama bila kujua kwamba amesimama. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Karibu, bibi, karibu. Samahani, kaka, ngoja kidogo," alimwambia Hamudi, na Hamudi naye alikuwa ameshasogea pembeni, mikono nyuma. Hakuna aliyewafundisha hayo asubuhi hiyo. Ndivyo walivyolelewa, na ndivyo walivyofanya juzi: mzee ameingia, shughuli ya kijana inasimama ilipo; ila Hamudi hakuwa amejua kwamba bibi aliyempisha ndiye aliyekuwa anatafutwa.

"Endelea," alinong'ona Bibiana. "Ulifanya nini?"

"Nilimwuliza jina, nikaliandika."

"Liandike. La huyu."

Silvesta alifungua ukurasa wa pili wa programu, akaandika Ethel. Kioo kikawaza kidogo, kikatulia.

"Halafu?"

"Nikamwuliza anakwenda wapi. Akanijibu, nikamwambia huko basi haliendi. Akageuka akaondoka. Nikarudi kwa huyu, nikaweka namba yake, akalipa, tiketi ikatoka."

"Kabla hujarudi kwake, fungua kopo."

Mstari mfupi ukachapwa tena. Mistari mitatu ikajipanga kiooni. Wakala, Silvesta. Safari, ileile ya Hamudi, kiti kilekile. Abiria, Ethel.

Kile kitu kilichokuwa kimefunikwa sasa kilisimama mbele ya Bibiana wazi kabisa, na alishangaa jinsi kilivyokuwa kidogo.

"Wameingia watu wawili," alisema. "Alama ya abiria iko moja. Ya Hamudi imekwenda wapi?"

Silvesta alikodolea kioo macho. "Zina jina moja... Kuki mpya ikija na jina lilelile, inakalia nafasi ya ile ya zamani. Kopo halikutupwa kwa sababu tiketi haikuwa imetoka." Aligonga kioo kwa kidole. "Lakini mimi nilipomrudia Hamudi, kioo kilikuwa kinaonyesha Hamudi!"

"Kinaonyesha ulichoandika wewe. Kampuni yenyewe ilisoma nini?"

"Ilisoma kuki."

"Maliza."

Aliweka namba ya Hamudi, akapeleka. Mashine ndogo ya kuchapia ikakoroma, ikatema karatasi. Bibiana aliichomoa, akaisoma kwa sauti: safari ya Mtwara, kiti cha dirishani, abiria Ethel. Simu ya Hamudi ikalia mkononi mwake kwa ujumbe huohuo.

Siku mbili za watu kuhangaika mpaka Mtwara, na chanzo ni adabu njema ya vijana wawili, na programu iliyoandikwa na mtu aliyesahau kwamba kwao mzee hapangi foleni.

"Ningemfungulia kila mtu kopo lake," alisema Silvesta kwa sauti ndogo. "Ni kazi ya dakika chache tu. Mungu wangu, dakika chache."

"Utaifanya baadaye. Sasa nitazame mimi. Alipokujibu anakwenda wapi, alitaja wapi?"

"Alisema anawahi watoto. Alitaja Namalowe. Mimi hata sikujua ni wapi, afande. Nilijua tu kwamba si kituo cha basi."

Ethel alitoa sauti ambayo haikuwa neno. Ule mgongo ulionyooka ukaporomoka, akawa Ethel tena, na akaketi kwenye benchi la wateja.

"Mama Trevor?"

"Ni shule," alisema Ethel. "Ilikuwa shule, chini ya mteremko, enzi ambazo huku juu hakukuwa na bomba na watu walifuata maji bondeni. Mama alianzia kazi pale. Bomba lilipokuja walihamishia shule huku juu. Siku hizi haendi mtu, njia yenyewe imeota majani." Alijifuta uso na ncha ya kitenge. "Mimi nilizaliwa pale, afande. Nimewatajia Chiwata, nimewatajia kanisani, nimewatajia sokoni, na pale sikupakumbuka."

Bibiana alikuwa ameshaanza kutoa amri. Mtwara waambiwe wasimamishe msako, na wamwache yule baba mwenye jogoo waliyekuwa wamemshikilia kwa kukaa karibu na Hamudi. Gari la wagonjwa lisogee ukingoni mwa mji. Pikipiki zitafutwe. Hamudi aliambiwa yuko huru, aende zake, arudishiwe simu.

"Nakuja nanyi," alisema Hamudi.

"Hulazimiki."

"Nilimkalia kiti chake, afande. Acha nikamtafute."

Pikipiki ziliwafikisha mwisho wa mashamba, mahali ambapo mikorosho ilikuwa imechanua na harufu yake tamu ilining'inia hewani bila kuonekana ilikotoka. Baada ya hapo ardhi ilikatika. Chini hapakuonekana kitu ila weupe. Walishuka kwa miguu katika njia nyembamba, Ethel mbele, akishika mizizi na mawe kwa mikono iliyoonekana kupakumbuka mahali hapo kuliko alivyopakumbuka mwenyewe. Bibiana alimfuata akisikia pumzi yake tu. Mara kwa mara ukungu ulifunguka, ukaonyesha mti mmoja au jiwe moja, ukajifunga. Bibiana aliona kama wanashuka ndani ya usingizi wa mtu mwingine, na aliomba kimoyomoyo mtu huyo awe bado anaota.

"Nyayo," alisema Awadhi.

Zilikuwa kwenye udongo laini kandokando ya chemchemi, za mtu asiye na viatu. Zilikwenda kwenye maji na kurudi, zikaenda tena na kurudi. Bibiana alizitazama, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri kifua chake kikalegea. Mtu anayekwenda kunywa maji yu hai.

Ethel hakungoja. Aliitupa sandali moja iliyokatika, akakimbia.

Kuta za shule zilitokea moja baada ya nyingine, hazina paa, mmea wa kutambaa umeingia dirishani na kutokea mlangoni. Ethel alisimama ghafla kwenye kizingiti cha chumba cha kwanza, na Bibiana nusura amgonge.

Sakafu ilikuwa imefagiliwa. Majani yote yalikuwa yamekusanywa pembeni kwa tawi ambalo lilikuwa bado limelala hapo. Na mbele, kwenye matofali yaliyobomoka ambapo pengine palikuwa na meza, aliketi Mwalimu Josephina na kitenge chake chepesi, miguu imevimba, midomo imepasuka, mikono yake miwili imepakatana mapajani kwa utulivu. Alikuwa anatetemeka, lakini alitetemeka kwa heshima zake zote.

Bibiana aliwazuia wanaume kwa mkono. Ethel aliingia peke yake, taratibu, akapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Sauti ilikuwa imekauka. Bibi alimtazama, akainamisha kichwa upande mmoja, akamtazama tena. Alikuwa anajitahidi, hilo kila mtu aliliona, na hakufika. "Wewe ni mtoto wa nani?"

Nyuma ya Bibiana, Hamudi aligeuka akatazama ukuta.

Ethel alivua kitenge kimoja, akamfunika mama yake mabegani, akakifunga vizuri shingoni. Machozi yalikuwa yanamtiririka lakini sauti yake haikutikisika.

"Mimi ni mtoto wa Mwalimu Josephina."

Uso wa bibi ulifunguka wote.

"Namfahamu," alisema. Alinyoosha mkono wake wa baridi, akamfuta Ethel shavu kwa kidole gumba. "Usilie. Yuko njiani. Yule hawezi kumsahau mtoto wake. Kaa hapa na mimi mpaka aje akuchukue."

Ethel akaketi kwenye sakafu safi, akalaza kichwa kwenye mapaja ya mama yake, akamsubiri.